Radi Iliwasha, Watu Wakazima
Moto wa Kangaroo Island na funzo lake kwa wafanyakazi wa mashamba na viwanda



Miezi ya mwisho ya mwaka 2019 wengi wetu tunaikumbuka kwa maji. Mvua za vuli zilipita kiasi. Huko Pokot Magharibi, Kenya, milima iliporomoka usiku wa mwezi Novemba ikafunika watu majumbani mwao. Huko Cibitoke, Burundi, mwanzoni mwa Desemba, udongo ulishuka ukaua watu wengi kwa usiku mmoja. Ziwa Victoria likaanza kujaa, na mwaka 2020 likapanda hata nyumba na mashamba ya kandokando yakazama.

Katika miezi hiyo hiyo, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, nchi ya Australia ilikuwa inaungua. Mambo haya mawili yana uhusiano. Miaka mingine maji ya bahari upande wetu wa Afrika hupata joto kuliko kawaida, na maji ya upande wa Indonesia na Australia hupoa. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, mvuke hugeuka mawingu, na mawingu hunyesha kwetu. Upande wa pili hukosa. Ni kama mizani: upande mmoja ukilemewa, wa pili huinuka mtupu. Mwaka 2019 mizani hiyo ililemea upande wetu kwa nguvu ambayo si kawaida kuonekana. Kwa Australia mwaka huo ulikuwa wa joto kali na wa ukame kuliko mwaka wowote uliopata kupimwa nchini humo.

Katika makala haya tunaeleza habari za kisiwa kimoja tu, Kangaroo Island, maana yake Kisiwa cha Kangaroo, katika jimbo la South Australia. Karibu nusu ya kisiwa hicho iliungua, na aliyewasha hakuwa mtu. Ilikuwa radi. Tumekichagua kwa sababu ni kisiwa cha mashamba, cha kondoo na cha miti ya kupandwa, na watu waliopambana na moto ule walikuwa wafanyakazi na wakulima kama sisi. Tutaeleza jinsi radi inavyowasha moto, jinsi moto ule ulivyokwenda na ulivyozimwa, kisha tuulize swali ambalo chama cha wafanyakazi hakiwezi kuliacha: anayezima moto yuko kazini kwa nani, na haki yake ni ipi?

RADI KAVU NA RADI YA MVUA

Wengine watasema: "Kwetu radi zinapiga kila mwaka, mbona misitu haiungui?" Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa milima ya Kabare, mashariki ya Kongo, ni mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko karibu kila mahali duniani. Ni sehemu za Ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela, zilizopita hapo. Kila kilomita moja ya mraba ya Kabare huonyesha miali zaidi ya 200 kwa mwaka. Hata hivyo Kabare ni nchi ya kijani.

Sababu ni mvua. Kwetu radi hufuatana na mvua kubwa. Radi ikipiga mti na kuuwasha, mvua inauzima hapo hapo, na majani ya chini yamelowa hayashiki moto. Kwa hiyo mioto mingi ya porini katika nchi zetu huwashwa na watu: anayesafisha shamba, anayetafuta malisho mapya, mrina asali, mwindaji, mchoma mkaa.

Huko kusini mwa Australia wakati wa kiangazi kuna ngurumo za namna nyingine. Wingu linajikusanya juu sana, na hewa iliyo chini yake ni kavu na ya moto. Mvua inaanza kushuka, lakini inakauka angani kabla ya kufika ardhini. Radi yenyewe haikauki. Inashuka na joto la maelfu ya nyuzi, inapiga mti mkavu, na hakuna tone la maji la kufuata. Hiyo ndiyo radi kavu.

Si kila radi inawasha. Nyingine hupita upesi sana, zikapasua mti na kuuacha. Ile inayoendelea kupitisha umeme kwa muda, hata kama ni sehemu ndogo tu ya sekunde, ndiyo inayowasha. Tena jambo la hatari zaidi ni kwamba moto wa radi unaweza kujificha. Unaingia ndani ya gogo bovu au kwenye mizizi, unafukuta humo siku kadhaa bila mtu kuona moshi. Siku joto na upepo vinapozidi, unatoka. Watu wanadhani hatari ilipita pamoja na ngurumo, kumbe ndiyo kwanza inajiandaa.

KISIWA CHENYEWE

Kangaroo Island ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,400 hivi, na urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi ni kilomita 150 hivi. Pamoja na ukubwa huo, wakati wa moto ule watu wake hawakufika 5,000. Mji mkubwa ni Kingscote, upande wa mashariki. Katikati ni mji mdogo wa Parndana, uliokua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ilipowagawia mashamba askari waliorudi vitani. Upande wa magharibi ni hifadhi ya wanyama ya Flinders Chase, na jirani yake yalikuwa mashamba makubwa ya mikaratusi na misonobari ya kuuza.

Mtu wa bara akikimbia moto ana njia nyingi. Mtu wa kisiwani njia zake zinahesabika, na mwisho wake ni bahari. Watu na mizigo huvuka kwa feri kati ya Penneshaw na Cape Jervis, au kwa ndege. Kila gari la zimamoto la nyongeza, kila pipa la mafuta, kila kikosi cha kupokezana zamu, lazima vivushwe maji kwanza.

Wenyeji hawakuwa wageni wa radi. Mwezi Desemba 2007 radi ziliwasha mioto mingi kisiwani kwa wakati mmoja, na hekta zaidi ya 80,000 ziliungua. Kwa hiyo mwaka 2019 hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo hilo halikupata kutokea.

SIKU ZA MOTO

Tarehe 20 Desemba 2019 radi zilipiga upande wa kaskazini wa kisiwa na kuwasha moto sehemu za Duncan na Menzies. Vikosi vilikwenda, na watu wakapambana nao siku za Krismasi. Tarehe 30 Desemba radi zikapiga tena, safari hii upande wa magharibi, katika pori la hifadhi la Ravine des Casoars. Pori hilo ni la mabonde na miti iliyosongamana, na barabara ni chache. Gari la zimamoto haliwezi kuingia popote linapotaka.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya moto wa radi na moto wa mtu. Moto wa mtu mara nyingi huanzia penye mtu: karibu na barabara, nyumba au shamba, na huonekana mapema. Radi haichagui. Inapiga kilele cha kilima au katikati ya pori, tena mahali pengi kwa saa moja. Mkuu wa zimamoto anajikuta na mioto mitano na magari ya mioto miwili. Lazima aamue upi upiganiwe na upi uangaliwe kwa mbali.

Tarehe 3 Januari 2020 kukawa na joto kali na upepo mkali. Moto ukavuka mistari iliyokuwa imechimbwa kuuzuia, ukakimbia katika hifadhi ya Flinders Chase na kuiunguza karibu yote, ukaingia kwenye mashamba ya miti na ya kondoo, ukafika pwani ya kusini. Siku hiyo watu wawili walikufa barabarani. Hoteli ya kifahari iliyojengwa juu ya majabali ya pwani hiyo iliteketea. Ilijengwa upya na kufunguliwa tena mwezi Desemba 2023. Kiwanda cha kusafisha maji cha Middle River kikaharibika, na watu wengi wakakosa maji ya bomba wakati ule ule walipoyahitaji zaidi.

Tarehe 9 Januari joto na upepo vikarudi. Watu wa Parndana na wa Vivonne Bay waliambiwa waondoke. Magari yakaelekea mashariki, Kingscote na Penneshaw, na watu wakalala kwenye kumbi na viwanja. Hatimaye hali ya hewa ikapoa na mvua ikanyesha. Kuelekea mwisho wa Januari moto ulikuwa umezungushiwa mipaka, na mwanzoni mwa Februari ukatangazwa kuwa hauna hatari tena.

Hesabu ya hasara ilikuwa hii: hekta karibu 211,000, yaani zaidi ya ekari 500,000; nyumba za kukaa karibu 90; kondoo kwa makumi ya maelfu; na sehemu kubwa kabisa ya miti ya kupandwa. Nchi nzima ya Australia, katika majira yale ya 2019 na 2020, watu 33 walikufa kwa sababu ya moto wenyewe. Kati yao 9 walikuwa wazima moto.

MOTO WA PORINI UNAZIMWAJE?

Wengi tunafikiri moto unazimwa kwa maji. Moto wa nyumba, ndiyo. Moto wa pori ulioshika kasi hauzimiki kwa maji peke yake, kwa sababu maji yote yanayobebwa na magari hayalingani na joto lake. Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Hewa ya porini huwezi kuiondoa. Joto unalipunguza kwa maji pale unapoweza kufika. Kinachobaki ni kuunyima chakula.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na buldoza na greda. Zinakwangua ardhi mpaka udongo utokee, zikafanya barabara ya kuzuia moto. Kisha, hali ya hewa ikiruhusu, wazima moto huwasha wenyewe nyasi zilizo kati ya barabara hiyo na moto unaokuja, ili moto mkubwa ukifika ukute hakuna cha kula. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa maneno hayo ni kazi halisi. Lakini ni kazi ya wenye ujuzi. Upepo ukigeuka, dawa inakuwa ugonjwa.

Ndege za kumwaga maji zinasaidia. Ndege ndogo ya kazi hiyo hubeba lita 3,000 hivi. Hata hivyo ndege hupunguza makali ya moto tu, ili watu wa chini wapate nafasi ya kusogea. Wakati wa usiku, au moshi ukiwa mzito, haziwezi kufanya kazi yake. Mtu mwenye mpira wa maji, jembe na reki ndiye anayemaliza kazi, kisiki kwa kisiki, kwa siku nyingi baada ya wapiga picha kuondoka.

Wakulima wa kisiwa hicho wana desturi moja nzuri. Wengi wana gari dogo la shamba lenye tangi la maji na pampu nyuma. Hawangoji gari kubwa lifike. Moto mdogo ukionekana, jirani wa karibu anauwahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna mambo matatu ya tabia ya moto ambayo kila mfanyakazi wa shamba afadhali ayajue kwa moyo:

Kwanza, moto hupanda kilima upesi kuliko unavyoshuka. Kila mwinuko ukizidi kwa nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuwa mara mbili. Usikimbilie juu ya kilima ukiwa na moto chini yako.

Pili, moto huruka. Maganda ya mikaratusi yakishika moto hupeperushwa na upepo na kuanguka mbele, mara nyingine kwa kilomita kadhaa. Barabara uliyoichimba inaweza kurukwa, na moto ukawa nyuma yako.

Tatu, upepo ukigeuka, ubavu wa moto huwa uso wa moto. Moto mrefu na mwembamba, ambao ulikuwa unapita kando yako, unageuka wote kwa pamoja na kukujia. Saa hiyo ndiyo iliyoua wazima moto wengi. Kwa sababu hiyo mahali salama zaidi mara nyingi ni pale palipokwisha kuungua, na kila kikosi lazima kijue njia ya kutokea kabla hakijaanza kazi.

JESHI NA WATU WA KUJITOLEA

Tarehe 4 Januari 2020 serikali ya Australia iliita askari wa akiba wapatao 3,000. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaita kwa amri na kwa wingi namna hiyo kwa ajili ya moto. Askari wa akiba si askari wa kambini. Siku nyingine ni makarani, mafundi na waalimu. Waliopelekwa Kangaroo Island walifungua barabara zilizozibwa na miti, walisaidia kuleta maji safi, na walifanya kazi ambayo hakuna mtu anayeitamani: kuzika mizoga ya kondoo kabla haijachafua visima na kueneza maradhi. Walikuwako pia waganga wa mifugo, wa kuwaua bila mateso wanyama waliokuwa wameungua wasiweze kupona.

Baadaye watu wa kujitolea walipiga kambi Parndana, wakajenga upya maili nyingi za ua wa waya. Mkulima asiye na ua hawezi kuweka kondoo, na asiye na kondoo hamwajiri mkata manyoya.

Hapa tukumbuke jambo ambalo magazeti mengi hayakuliandika. Moto ukiunguza shamba, mwenye shamba huenda ana bima. Kibarua wa shamba hilo hana bima ya kazi yake. Mti wa kupandwa ulioungua hauna budi kukatwa upesi kabla haujaharibika, kwa hiyo kazi huongezeka kwa muda, kisha huisha kabisa. Katika kisiwa hicho mashamba ya miti hayakurudishwa kama yalivyokuwa. Sehemu kubwa ya ardhi ilielekezwa kwenye kilimo na ufugaji. Wafanyakazi wa hoteli nao walikuta mahali pao pa kazi ni majivu, na miezi michache baadaye maradhi ya korona yakafunga safari za watalii.

NANI ALIKUWA KAZINI?

Sasa tufike kwenye swali letu. Nje ya miji mikubwa ya South Australia, moto hupiganwa na kikosi cha mashambani kinachojulikana kwa herufi CFS. Kina watu zaidi ya 13,000, na karibu wote hawalipwi mshahara. Ni wakulima, madereva, wauza duka, waalimu, vibarua. King'ora kikilia wanaacha kazi zao.

Kujitolea ni jambo la heshima. Lakini moto ukiendelea wiki sita, heshima hailipi kodi ya nyumba. Majira yale ya 2019 wazima moto wengi nchini Australia walikwisha maliza likizo zao na akiba zao. Vyama vya wafanyakazi na watu wengine wakapaza sauti. Tarehe 24 Desemba 2019 serikali ya shirikisho ikakubali kuwapa watumishi wake wanaojitolea zimamoto likizo yenye malipo ya siku 20. Siku chache baadaye ikatangaza malipo kwa wanaojitolea waliojiajiri au walioajiriwa na kampuni ndogo na za kati, ikianzia jimbo la New South Wales: hadi dola 300 za Australia kwa siku, zisizozidi 6,000 kwa mtu, ikiwa amezima moto zaidi ya siku 10. Tuone vizuri: malipo hayo yalikuja wakati moto umekwisha waka miezi mingi.

Ulinzi mwingine ulikuwako tangu zamani, nao ni wa kuigwa. Sheria ya kazi ya Australia ya mwaka 2009 inampa mfanyakazi haki ya kuacha kazi yake na kwenda kuzima moto na kikosi kinachotambuliwa. Mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza kwa sababu hiyo. Muda unaohesabiwa ni pamoja na wa kusafiri na wa kupumzika baada ya kutoka motoni. Upungufu wa sheria hiyo ni kwamba likizo yenyewe haina malipo, ila mwajiri au mkataba uliofungwa na chama ukitoa zaidi.

Tena, katika South Australia mwanachama wa CFS anayeumia motoni huhesabiwa kama mfanyakazi wa serikali, akapata fidia. Na aina kadhaa za saratani, kwa mzima moto aliyetumika miaka iliyowekwa, huhesabiwa kuwa zimetokana na kazi. Hatakiwi kwenda kuthibitisha ni moshi wa siku gani uliomdhuru. Jambo hili si dogo. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la vitu ambavyo hakika husababisha saratani kwa binadamu.

Upo pia utaratibu wa vikosi vya kampuni. Sheria ya jimbo hilo inatambua vikosi vya zimamoto ndani ya kampuni, na kampuni za misitu zina vikosi vya wafanyakazi wao wenyewe. Wamefundishwa, wana nguo na magari, na wanapozima moto wako kazini na wanalipwa.

Mwisho, yapo mambo ya hoteli ile ya pwani ya kusini. Wageni na wafanyakazi wengi waliondolewa mapema. Wachache walibaki kuendesha vyombo vya kunyunyizia maji. Moto ulipozidi walijificha kwenye chumba maalumu kilichojengwa kwa ajili hiyo, wakapona. Tunafurahi kwamba walipona. Wajibu wetu ni kujiuliza: kwetu, mali ya mwajiri ikizungukwa na moto, nani anaamua mfanyakazi abaki? Na kile chumba cha kujifichia, kipo?

KWETU JE?

Ndugu msomaji, huenda shamba lako ni la miwa, la chai, la mkonge, la kahawa au la miti. Radi kavu si adui yako mkubwa. Lakini kiangazi kipo, nyasi kavu zipo, na moto unaovuka mpaka upo. Moto ukionekana, kengele inagongwa na kila mtu anaambiwa achukue tawi bichi akapige. Anakwenda na kandambili, bila maji ya kunywa, bila mtu wa kuangalia upepo. Akiungua, karani anaandika kwamba hakuwa kwenye kazi yake ya kawaida. Huo ndio ufa wa kuziba, tena kabla ya kiangazi.

Kamati ya tawi iende kwa menejimenti na maswali haya, ipewe majibu kwa maandishi:

1. Kuzima moto kumetajwa katika mkataba wetu kuwa ni kazi, yenye ujira na malipo ya saa za ziada?

2. Anayeumia motoni, hata akiwa kibarua wa siku au wa msimu, atapata fidia kama aliyeumia mashineni?

3. Kipo kikosi cha shamba kilichofundishwa, au ni kila mtu na tawi lake?

4. Vipo viatu vya ngozi, nguo nzito za pamba, vitambaa au vifuniko vya kuzuia moshi, na maji ya kunywa ya kutosha? Nguo za nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi, zisivaliwe motoni.

5. Barabara za kuzuia moto zinasafishwa kila mwaka kabla ya kiangazi, na nani anakagua?

6. Baada ya ngurumo za kiangazi, nani anazunguka shamba siku zinazofuata kutafuta moshi wa magogo?

7. Mahali pa kukimbilia pako wapi, na je, wake na watoto walio katika makambi ya wafanyakazi wanapajua?

8. Nani ana amri ya kusema "Tuondoke", na mfanyakazi anayeondoka kuokoa maisha yake atalindwa asifukuzwe?

Swali la 8 lina nguvu ya sheria ya dunia. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa katika hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, asiadhibiwe. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unawapa haki hiyo wafanyakazi wa kilimo hasa. Na mwaka 2022 usalama na afya kazini viliingizwa katika haki za msingi ambazo nchi zote wanachama wa Shirika hilo zinapaswa kuziheshimu, hata ile ambayo haijatia sahihi.

Baada ya moto wa 2019 na 2020 Australia iliunda Tume ya Kifalme, ambayo mwezi Oktoba 2020 ilitoa mapendekezo 80. Jimbo la South Australia nalo lilifanya uchunguzi wake. Wamejifunza baada ya nyumba kuwa majivu. Sisi tunayo nafasi ya kujifunza kwa majivu ya wenzetu.

Mwenye tawi aliyesoma makala haya ayasome kwa sauti katika mkutano ujao, kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma, kisha maswali yale manane yapigiwe kura moja moja na kuandikwa katika kitabu cha mkutano. Kiangazi kikifika, barua iwe imekwisha kufika kwa mwajiri.